Ukaazi wa Paraguay kama njia ya pasipoti ya pili: kadi ni rahisi, uraia ni kazi nyingine

Kwa mtu asiye na malaki ya dola ya kuwekeza, Paraguay ndiyo nchi ambayo mawakala huitaja kwanza. Kadi yake ya ukaazi inastahili sifa: masharti ni machache, na mapato yanayotoka nje ya nchi hayatozwi kodi. Tatizo ni tangazo linaloiuza kadi hiyo kana kwamba ni pasipoti iliyochelewa miaka mitatu tu.

Tuanze na kadi. Hadi mwaka 2022, amana ya benki ya takriban dola 5,000 ilitosha kumpa mgeni ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Sheria namba 6984 ya mwaka huo ilifuta utaratibu huo. Sasa unaanza na ukaazi wa muda wa miaka 2, kisha unaomba wa kudumu kabla ule wa muda haujaisha. Anayetaka kuruka hatua ya kwanza hupitia dirisha la wawekezaji, SUACE, kwa mpango wa uwekezaji wa dola 70,000. Kwa hiyo wakala anayekuambia leo ubebe dola 5,000 za amana, ama hajui kazi yake ama anakuficha kitu.

Maombi yanapelekwa Dirección Nacional de Migraciones, yaani idara ya uhamiaji, katika mji mkuu, Asunción. Utahitaji pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama umeoa au kuolewa, na cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti cha Interpol hupatikana hukohuko Asunción. Kama uraia wako unadai viza, iombe ubalozini mapema, maana maombi hayapokelewi bila kuingia nchini kihalali.

Hapa kwenye karatasi ndipo wengi wanapokwama. Nyaraka za nje lazima ziwe na apostili, yaani cheti cha nchi iliyozitoa kinachothibitisha uhalisi wake, chini ya Mkataba wa Hague wa 1961. Kama nchi iliyozitoa si mwanachama, zinathibitishwa na wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi, jambo linaloongeza wiki kadhaa. Apostili hutangulia, tafsiri hufuata, kwa sababu na apostili yenyewe inatafsiriwa. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyesajiliwa Paraguay. Ya nyumbani, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi hulipiwa upya. Usibandue pini iliyoshika apostili ili upate nakala safi kwenye skana. Karatasi mbili zenye matundu yasiyolingana zinaonekana zimechezewa, na hati inaweza kukataliwa. Linganisha pia majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili na pasipoti yenye matatu huzaa hati ya kiapo, na hati hiyo nayo inadai apostili yake. Cheti cha polisi kiombe mwisho, kwa kuwa muda wake wa kutumika ni miezi michache tu.

Ukishapewa ukaazi, bado kuna cédula, yaani kitambulisho, kinachotolewa na idara ya utambulisho ya polisi. Vifurushi vingi vya bei ya chini huishia kabla ya hapo. Kabla ya kulipa, dai orodha iliyoandikwa: ada za serikali, mtafsiri, mthibitishaji wa nakala, Interpol, cédula, na ile safari ya kubadili ukaazi wa muda kuwa wa kudumu. Kisichoandikwa kitalipiwa baadaye.

Sasa uraia wa tajnisi, yaani ule ambao mgeni huuomba na kupewa. Ibara ya 148 ya Katiba ya 1992 inataka mtu mzima aliyekaa nchini angalau miaka 3, mwenye mwenendo mwema, na anayefanya kazi, ufundi au biashara humohumo nchini mara kwa mara. Anayeamua ni Mahakama ya Juu, na mwombaji anatazamiwa kujimudu kwa Kihispania au Kiguarani. Kadi iliyolala droo miaka mitatu haithibitishi lolote kati ya hayo. Kinachothibitisha ni mkataba wa pango, risiti za kodi za serikali, mihuri ya kuingia na kutoka. Zitunze tangu siku ya kwanza.

Ibara mbili zinazofuata hazimo kabisa kwenye vipeperushi, na kwetu hilo ni kosa kubwa. Ya 149 inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa njia ya mkataba kati ya mataifa husika, kama ule wa Hispania. Ya 150 inasema raia wa tajnisi anaweza kupoteza uraia kwa uamuzi wa mahakama akikaa nje zaidi ya miaka 3 bila sababu, au akichukua uraia mwingine kwa hiari. Pasipoti yenyewe ni nzuri: inaingia eneo la Schengen bila viza kwa siku 90, na inafungua ukaazi katika nchi za Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya Amerika Kusini. Lakini kuitunza kunadai uhusiano hai na nchi. Uliza pia sheria ya nchi yako; China, India na Japani, kwa mfano, hazikubali uraia pacha kwa watu wazima.

Nchi nyingine za Amerika ya Kilatini nazo zimebadilika. Argentina ilisifiwa kwa miaka yake 2 ya kufikia uraia, ila amri ya Mei 2025 inataka iwe mfululizo, bila kutoka nchini. Panama, iliyokuwa ikitoa ukaazi kwa amana ya dola 5,000 kwa raia wa nchi rafiki, tangu 2021 inadai njia nzito zaidi, kama nyumba ya dola 200,000. Uruguay, kwa uraia, inadai miaka 3 kwa mwenye familia na 5 kwa asiye nayo, na kuishi kweli.

Kwa anayetaka makazi ya akiba na kodi nafuu, kadi ya Paraguay tunaipendekeza bila kusita. Anayetaka pasipoti ahesabu kwanza pango la nyumba Asunción kwa miaka mitatu na darasa la Kihispania, ndipo alinganishe bei za mawakala.