PDA ya mtumba kwa matumizi ya kila siku: ipi ya kwanza, ipi uachane nayo

Wakuu, swali la kama bado inafaa kununua PDA, vile vikompyuta vya mkononi vya kuwekea ratiba, namba za watu, orodha ya kazi na notisi, jibu langu ni inafaa kabisa na mimi navipenda kweli, ila kuchagua kunataka umakini kwa sababu vyote utakavyokutana navyo ni mtumba wa miaka 20 na zaidi. Watu wengi wanaangalia kwanza skrini kama ina rangi, wanaangalia kama ina WiFi, wanaangalia jina, wakati swali la kwanza ni hiki kitu kinakula betri gani. Betri ya chaji iliyofungiwa ndani ya kifaa cha mwaka 2001 imeshachoka au iko njiani kuchoka, na ya kubadilishia utaitafuta mpaka ukate tamaa. Ila kinachotumia betri za rimoti, zile mbili ndogo za AAA ambazo kila duka la Mangi linazo, hicho kitawaka siku unayokipokea na mwakani kitawaka. Mpangilio wangu wote umefuata hapo.

Namba moja naipa Palm IIIxe, ya kampuni ya Palm. Ilitoka 2000, memori 8MB, skrini haina rangi, betri mbili za rimoti zinakwenda wiki kadhaa ukiwa mtu wa kufungua na kufunga mara chache kwa siku. Usiogope hiyo 8MB, majina na namba na ratiba ni maandishi matupu, wanaingia maelfu ya watu na nafasi inabaki. Kinachonifanya niiweke juu ni vile vitufe vinne vya mbele, kimoja ratiba, kimoja majina, kimoja kazi za kufanya, kimoja notisi, yaani hata ikiwa imezimwa unabonyeza cha notisi na hapo hapo uko kwenye notisi, hakuna kusubiri iwake, hakuna meseji ya mtu inakutoa kwenye ulichotaka kuandika. Juani inasomeka vizuri, na huu ni mtihani ambao PDA nyingi za rangi za zamani zinafeli. Katibu wa vikoba anayeandika nani kaleta hisa nani bado akiwa amekaa chini ya mwembe, hii ndiyo yake.

Udhaifu wake uujue mapema. Data zote ziko kwenye memori inayoishi kwa umeme wa betri, ukitoa betri za zamani una kama dakika moja tu kuweka mpya, ukichelewa kila kitu kinafutika. Kwa hiyo betri mpya ziwe zimeshafunguliwa mkononi kabla hujagusa mfuniko, na usingoje mpaka iandike betri imeisha ndio uanze kukimbizana na duka. Notisi moja nayo mwisho wake ni herufi kama 4,000, ukiandika mihtasari mirefu ya vikao itabidi ukate vipande.

Hapa niseme kidogo kuhusu kuandika maana wengi ndio wanakwama. Palm za mwanzo zinatumia mwandiko unaoitwa Graffiti, unachora herufi moja moja kwa kalamu kwenye kisehemu cha chini ya skrini, kila herufi karibu mchoro mmoja bila kunyanyua. A ni kama V iliyopinduliwa, i ni mstari mmoja wa kushuka, basi. Palm za kuanzia 2003 zikahamia Graffiti 2 baada ya kesi ya hataza na kampuni ya Xerox, na kwenye hiyo i, k, t na x zinataka michoro miwili. Sasa we angalia Kiswahili chetu, i na k ziko kila mahali, "nikikuta", "kikapu", "tukikutana", kwa mwandiko wa zamani unaruka tu ila kwa huu mpya mkono unasimama kila baada ya hatua. Mwandishi wa Kiingereza anaweza asione tofauti kubwa, sisi tunaiona. Hata kujifunza kwetu ni kwepesi, q na x huzihitaji, alama juu ya herufi hatuna, ukishika irabu tano na konsonanti kama kumi hivi umeshaanza kuandika. Hii peke yake inatosha kuzipa pointi Palm za kabla ya 2003.

Namba mbili ni Handspring Visor Deluxe ya 1999. Handspring ilianzishwa na Jeff Hawkins na wenzake walewale walioanzisha Palm, na ndani ni mfumo uleule wa Palm, 8MB, betri mbili za rimoti, Graffiti ya zamani. Ina mdomo wa Springboard nyuma wa kuchomeka vifaa vya ziada ila leo kuvipata ni kazi, usiinunue kwa ajili hiyo. Kwa nini iko nyuma ya IIIxe wakati yenyewe ina USB na IIIxe ina ule mlango wa zamani wa siriali? Kwa sababu USB yake inataka draiva ya enzi zile na Windows za leo za 64-bit zinasumbua sana kuikubali. IIIxe unaiunganisha kwa kebo ya kubadilisha siriali kuwa USB, kompyuta inaiona kama siriali ya kawaida na HotSync, ile programu ya Palm ya kunakili data kwenda kompyuta, inafanya kazi. Ila kama wewe ni mtu wa Linux zote mbili zinaongea na J-Pilot, programu ya Linux inayofanya kazi hiyo hiyo, na hapo chukua yoyote utakayoipata ikiwa nzima zaidi.

Na tafadhali usiipuuzie hiyo HotSync. Ndiyo kopi ya kila ulichoandika kwenda kwenye kompyuta. PDA bila kopi ni daftari linaloweza kujifuta lenyewe, na anayekuuzia bila kitako (kile cha kuisimamishia ili iungane na kompyuta) wala kebo anakuuzia nusu ya kifaa, mwombe apunguze bei au tafuta mwingine.

Namba tatu, na kwa mtu wa kuandika sana ningeiweka hata namba moja, ni Psion Series 5mx ya Uingereza, ya 1999. Hii unaifungua kama kipochi na kibodi inateleza mbele, kibodi halisi ya kuandikia kwa vidole, mpaka leo sijashika kifaa cha ukubwa ule kinachoandikika vizuri hivyo. Inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, halafu ina betri ya akiba ya duara, CR2032, inayolinda data wakati unabadilisha zile kubwa, kwa hiyo ile presha ya dakika moja haipo. Ina na mdomo wa kadi ya memori ya CompactFlash, unahamisha mafaili kwenda kompyuta bila kuhangaika na programu yoyote. Kinachoishusha ni ule waya bapa unaokwenda kwenye skrini, unapita kwenye bawaba na kufungua na kufunga kwa miaka kunaukata, skrini inaanza mistari halafu inakufa. Muuzaji akupigie video akiifungua na kuifunga taratibu ikiwa imewaka, ukiona skrini inacheza, acha. Mfukoni pia inajaa, ni ya begi hii.

Baada ya hizo tatu kuna mteremko mkubwa kidogo.

Palm Vx ni nzuri mno kwa macho, nyembamba, ya chuma, ukiiweka mezani watu watauliza ni nini. Lakini betri ya chaji iko ndani na mwili umegandishwa kwa gundi, kuifungua kunataka joto na mkono wa fundi mwenye subira. Kama una fundi huyo endelea, kama huna achana nayo.

Palm T|X na Tungsten E2, zote za 2005, zina skrini kali ya rangi na faida moja kubwa sana, betri ikiisha data hazifutiki. T|X ina WiFi na isiwe sababu ya kulipa zaidi, tovuti nyingi za leo haifungui. Betri ndani, Graffiti 2. Ila mtu anayeona vibaya maandishi ya kijivu, E2 naikubali, mradi muuzaji aonyeshe inakaa na chaji mchana mzima.

iPAQ H3600 za Compaq na ndugu zake wa Pocket PC, yaani zile zinazotumia Windows ya mkononi, za kipindi kile, mimi siishauri kwa matumizi ya kila siku. Betri ya ndani na data zinazofutika ikikata, umeunganisha matatizo yote mawili kwenye kifaa kimoja.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawasemi: kalenda ya Palm inaishia Desemba 2031. Notisi na majina haviguswi ila ratiba haitavuka hapo, kwa hiyo usikubali bei ya juu kwa hoja kwamba utaitumia maisha yako yote. Na kuna nywila ya kuficha notisi za siri, inatosha kumzuia mtoto wa nyumbani, PIN ya benki au ya M-Pesa usiweke humo.

Unapokagua, anza kwenye chumba cha betri. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye springi ni betri iliyovuja, kidogo tu unasafisha kwa siki na pamba, ukiwa umekula chuma usinunue. Halafu gusa kalamu kwenye kona zote nne na andika sentensi nzima uone kama inaandika pale unapogusa. Neno "haijajaribiwa" kwenye tangazo lichukulie kuwa imekufa na lipa bei ya iliyokufa. Huku kwetu ni nadra kuzikuta madukani, nyingi ziko kwenye minada ya mtandaoni Marekani na Uingereza, na usafiri wa kimoja kimoja unaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe, kwa hiyo kama una ndugu huko anayekuja likizo agiza kwake, na mwambie atoe betri kabla ya kufunga mzigo ili zisivujie ndani njiani.