Vitabu vya Kiswahili cha zamani ndani ya Internet Archive: kipi kizuri, kipi cha kukwepa

Kiswahili kilichochapishwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hakipatikani kirahisi. Nakala zake halisi zimetulia kwenye maktaba za vyuo vikuu, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani, na zikitokea kuuzwa, bei yake ni ya wanaokusanya vitabu adimu. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, imevifungua vingi vya vitabu hivyo kwa yeyote mwenye bando. Kwa rafu hiyo moja, hakuna huduma ya bure tunayoipenda zaidi. Kwa fasihi ya Kiswahili ya miaka ya baadaye ni dhaifu, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza, utamu wenyewe. Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa mkusanyo wa hadithi za Unguja mwaka 1870 kwa jina la Swahili Tales. Humo yumo Sultani Darai na yule paa mwenye akili kuliko bwana wake, na Kiswahili chake kinasomeka leo bila mkalimani. Ipo kamusi ya mmisionari Mjerumani Krapf ya mwaka 1882, iliyosheheni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Zipo methali alizokusanya W. E. Taylor, zilizotoka 1891, na kamusi mbili za Madan, ya Kiingereza kwa Kiswahili ya 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1903. Kilele chake, kwa maoni yetu, ni Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa Göttingen mwaka 1903. Jina la jaladani ni la Mjerumani Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maneno ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, anayeeleza kuzaliwa, malezi, ngoma, ndoa, utumwa na sheria kwa nathari safi inayotembea bila haraka. Kila msomaji wa Kiswahili angestahili kukipitia walau mara moja.

Kuvipata vitabu hivi ndiko kunakowashinda wengi. Ukiandika "Kiswahili" kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa rekodi za redio, mahubiri na vijitabu vya juzi, na vya zamani utavikosa. Sababu ni tahajia: waliovichapa hawakuandika jina la lugha kama sisi. Jaribu Suahili, Suaheli, Wasuaheli na Kisuaheli, kila moja peke yake. Kisha tafuta kwa jina la mwandishi, kwa mfano creator:Steere au creator:Velten, na ubane matokeo kwa kichujio cha mwaka na cha aina, ukichagua maandishi tu. Usikitegemee kichujio cha lugha. Kitabu chenye ukurasa wa jina kwa Kiingereza mara nyingi kimeorodheshwa kuwa cha Kiingereza, hata kama nusu yake ni Kiswahili, kwa hiyo language:swa (swa ni msimbo wa Kiswahili) itakupa baadhi tu. Na ukimtafuta Mtoro kwa jina lake usishangae ukikosa. Rekodi za vitabu hufuata jina lililopo kwenye ukurasa wa mbele. Mtafute kupitia kwa Velten.

Kitabu kimoja huweza kuwa na nakala tatu au nne, na hazilingani. Angalia kitambulisho kwenye anwani ya ukurasa, yaani yale maneno yanayofuata archive.org/details/. Kwa skani za zamani, yaani nakala za picha za kurasa, kitambulisho hutungwa kwa kipande cha jina la kitabu, tarakimu mbili za juzuu, herufi nne za mwandishi, halafu mara nyingi alama ya chanzo. Kikiishia na goog, skani ilitoka Google. Kikiishia na uoft, kitabu ni cha Chuo Kikuu cha Toronto. Tofauti yake utaiona mara moja. Skani nyingi za Google zimegeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe tupu, hivyo mistari myembamba ya herufi hukatika na alama ndogo juu ya irabu hupotea. Skani zilizofanywa na Internet Archive yenyewe zina rangi ya karatasi. Mashine yao huwa na kioo chenye umbo la V kinachokandamiza kurasa mbili bila kuvunja mgongo wa kitabu, kamera mbili, na mtu anayefunua kila ukurasa kwa mkono wake. Herufi hubaki nzima. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hiyo.

Kabla ya kupakua, fungua mwonekano wa vijipicha, ule unaoonyesha kurasa nyingi ndogo kwa pamoja. Hakiki mambo matatu: ukurasa wa jina upo, kurasa za mwisho zipo, na katikati hakuna ukurasa uliorudiwa au kurukwa. Ramani za kukunjua ndizo huumia zaidi, kwani mara nyingi zimepigwa picha zikiwa bado zimekunjwa. Kitabu cha safari kisichokuwa na ramani kamili bado kinasomeka. Kamusi iliyokosa kurasa nne za herufi M haifai kitu.

Sasa tufike kwenye muundo wa faili, maana hapa ndipo watu huharibiwa hamu ya kusoma. Ukurasa wa kitabu hutoa PDF, EPUB (kitabu pepe ambacho maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo), matini tupu, na picha za kurasa ndani ya faili la ZIP. EPUB na matini hutengenezwa na programu inayosoma picha na kukisia herufi, na hakuna mtu aliyezipitia. Chukua Swahili Tales. Kwenye kitabu chenyewe Kiswahili kiko ukurasa wa kushoto na Kiingereza kulia, vikitazamana. Programu hiyo haijui hilo. Inasoma ukurasa wa kushoto hadi chini, unaokatika katikati ya sentensi, inabandika ukurasa mzima wa Kiingereza, kisha inarudi kumalizia sentensi ya Kiswahili. Paa anaanza kusema neno kwa Kiswahili na kabla hajalimaliza unadondokea kwenye Kiingereza. Kitabu chote, kurasa zipatazo 500, kinakwenda hivyo. Kwa kitabu cha namna hii EPUB usiiguse. Chukua PDF, au soma palepale kwenye tovuti.

Desturi za Wasuaheli kinavumilika zaidi, kwa kuwa Velten aliiweka tafsiri ya Kijerumani kwenye kitabu kingine. Hata hivyo makosa yapo, na yana tabia zake: u na n hubadilishana nafasi, rn inakuwa m, c inakuwa e. Programu iliyoambiwa kwamba kitabu ni cha Kiingereza hukisia maneno ya Kiingereza, nayo vitenzi vyetu virefu huvivuruga. Kamusi zilizochapwa kwa safu mbili ndizo mbaya kuliko zote, maana safu zikichanganyika, maana ya neno moja huangukia kwenye neno jingine. Kanuni yetu ni fupi: soma picha ya ukurasa, na matini ya mashine itumie kutafutia tu. Usinukuu kutoka kwenye matini hiyo bila kurudi kwenye picha.

Hata kwa kutafutia ina mipaka. Neno lililokatwa mwisho wa mstari, kama wakamwa- na -mbia, halitapatikana ukiliandika zima. Tafuta kipande kifupi, na ujaribu tahajia mbili au tatu: khabari pamoja na habari. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yaliyo ndani ya baadhi ya vitabu vya Wajerumani yasahau kabisa kuyatafuta kwa njia hii. Yafuate kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.

Kuhusu ukubwa wa faili, matini tupu ya kitabu kizima kwa kawaida haizidi sana megabaiti moja. PDF ya skani ya rangi hufika makumi ya megabaiti. ZIP ya picha huweza kula mamia, na haina kazi kwa msomaji wa kawaida. Mwenye bando dogo asome kwenye tovuti, kwa sababu hupakia kurasa chache tu kwa wakati. Kwenye simu chagua ukurasa mmoja mmoja na uilaze simu. Kwenye kompyuta chagua kurasa mbili. Mpangilio wa kurasa mbili unakifaa sana kitabu cha Steere, maana unarudisha lugha mbili zitazamane kama alivyokusudia. Kwenye kisomaji cha vitabu pepe cha inchi 6 PDF hizi huwa na herufi ndogo mno hadi ukate pambizo, na hata baada ya hapo macho yatachoka.

Jambo moja kwa wanafunzi na waandishi. Anwani ya ukurasa yenye n, mfano page/n30, huhesabu picha tangu jalada. Isiyo na n, page/30, hufuata namba iliyochapwa kitabuni. Ukichanganya hizo mbili katika marejeo, msomaji wako atakwenda ukurasa usio wake.

Tukija kwenye vitabu vya baadaye, sifa zinapungua. Vitabu vyenye hakimiliki huazimwa kwa akaunti ya bure. Azima ya kawaida ni saa moja, nayo huongezwa ukiwa bado unasoma na hakuna anayesubiri; baadhi hutolewa kwa siku 14. Riwaya na tamthilia za Kiswahili ni chache kwenye rafu hiyo, kwa kuwa hutegemea kilichotolewa na maktaba, nyingi zikiwa za Marekani. Kisha ikaja kesi: wachapishaji wanne wakubwa waliishtaki Internet Archive mwaka 2020 kwa sababu ya uazimaji huo, wakashinda Machi 2023, na rufaa ikatupwa Septemba 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye uazimaji. Kwa hiyo kitabu ulichoazima zamani kinaweza leo kuwa wazi tu kwa watu ambao ulemavu, kama wa kutoona, unawazuia kusoma maandishi yaliyochapwa.

Utakuta pia PDF za waandishi wetu walio hai, zilizopandishwa na watu wasio na ruhusa. Tunashauri mziache. Soko la vitabu vya Kiswahili ni dogo, na nakala moja inayonunuliwa dukani ina uzito kwa mwandishi.

Mwisho ni uthabiti. Oktoba 2024 tovuti ilivamiwa, taarifa za akaunti takriban milioni 31 zikavuja, na huduma ikazimwa kwa siku kadhaa. Vitabu vya zamani havihitaji akaunti, basi usifungue kama huazimi. Ukifungua, weka nywila usiyoitumia kwingine. Vitabu unavyovitegemea vipakue ukiwa na Wi-Fi, na faili uliite kwa mwaka, mwandishi na kitambulisho kamili cha skani. Jina hilo ndilo litakalokurudisha kwenye nakala ileile uliyoihakiki, badala ya kuangukia pacha wake aliyekosa kurasa.