Kampavani ya kukodi kutoka Millau hadi Calais: uzoefu wangu wa kipande cha mwisho

Kwa wenye haraka naanza na maksi: kampavani tuliyokodi (gari la kusafiria na kulala ndani) ni nyumba nzuri lakini gari la wastani, nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota tano kamili nawapa Wafaransa kwa vituo vyao vya magari ya aina hii. Tofauti hiyo niliiona kwenye kipande cha mwisho cha safari, kutoka Millau kusini mwa Ufaransa hadi Calais, mji wa kaskazini wa kuvukia kwenda Uingereza, wakati kila kitu ndani ya gari kilikuwa kimeshachoka, na sisi wenyewe tumo.

Gari ni Fiat Ducato, ile bodi ya karibu mita sita yenye paa refu, unasimama wima bila kuinama. Nyuma kuna kitanda, katikati jiko la gesi la pleti mbili, sinki na friji ya umeme wa betri, pembeni kichumba chenye choo na bomba la kuogea. Tulilichukua kwa kampuni moja ya Kent, Uingereza, tukashuka nalo hadi Ureno, tukazunguka Uhispania, na tuliporudi Ufaransa viza zetu zilikuwa zinaelekea ukingoni. Hapa niwaambie ndugu zangu mnaoishi Uingereza kwa pasipoti za Afrika Mashariki: kibali cha ukaazi cha Uingereza hakikuingizi Ulaya bara. Unahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, unaiombea kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi (kwetu ilikuwa Uhispania), na hupewi zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zote zikihesabiwa. Kwa hiyo kipande hiki tulikipanga huku kalenda iko mezani.

Tulipita A75. Barabara hii inayopanda kaskazini hadi Clermont-Ferrand haina tozo, isipokuwa kwenye daraja la Millau, na pale nililipa kwa moyo mmoja. Daraja lilifunguliwa Desemba 2004, lina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, na kilele cha nguzo yake ndefu kiko mita 343 juu, kuupita mnara wa Eiffel. Kabla ya hapo magari yote ya likizo yalikuwa yanateremka hadi mjini Millau kisha yapande upande wa pili, na foleni yake ya kiangazi ilijulikana Ufaransa nzima. Pembeni pana maegesho na njia ya kupanda kwenda kulitazama. Simameni.

Kuhusu tozo, Ufaransa wanaangalia kimo cha gari. Ukizidi mita mbili unatoka kundi la kwanza la bei unaingia la pili, na Ducato hii ina mita mbili na nusu na ziada. Ukipiga hesabu kwa bei ya gari dogo utapungukiwa. Tena gari ni la Uingereza, usukani uko kulia, na mashine ya kulipia iko kushoto, kwa hiyo aliyelipa kila mahali ni mimi niliyeketi upande huo, nusu mwili nje ya dirisha kama konda wa daladala. Kuna kifaa cha kubandika kiooni kinachofungua kizuizi chenyewe, na kampuni ingeweza kabisa kukikodisha pamoja na gari. Mlango wa pembeni nao unafungukia kushoto. Ukiegesha kando ya barabara ya Ufaransa, unashukia upande magari yanakopita.

A75 inapanda hadi zaidi ya mita 1,100, na pale Ducato ilionyesha udhaifu wake. Tangi la maji likiwa limejaa, gari linapanda kwa manung'uniko, na upepo wa kwenye nyanda zile unalisukuma kweli. Baba Nuru, mume wangu, ndiye aliyeendesha, naye alikaa kwenye kilomita 90 kwa saa nyuma ya malori, hakutaka kusikia habari ya 130 inayoruhusiwa. Sikubishana naye.

Sasa vituo. Wafaransa wanaviita aire, na vijiji vingi sana vinacho. Ni uwanja wa kuegesha wenye nguzo ya huduma: bomba la maji safi, bomba la pili la kusuuzia choo, wavu chini wa kumwagia maji ya sinki, na tundu la kumwagia kasha la choo. Kwa wasiojua, choo cha kampavani kina kasha la lita kumi na kitu linalochomolewa kwa nje. Watu wawili wanalijaza kwa siku mbili au tatu, na usipolimwaga, harufu itawapangia ratiba. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Unalivuta kwa magurudumu yake, unamwaga, unasuuza mara mbili, unatia dawa, unalirudisha. Angalieni tu bomba gani ni la nini, maana nimeona watu wakisuuza kasha kwenye bomba la maji ya kunywa, na hilo halina radhi.

Vituo vingine ni bure, vingine vinatoza kulala, vingine vinatoza maji tu. Baadhi ya mashine hazipokei fedha wala kadi, zinataka jeton, sarafu yake maalumu inayouzwa kwenye duka la mikate au ofisi ya utalii. Na duka la mikate la Kifaransa lina siku yake ya kufunga. Mkipata fursa nunueni jeton mapema, ila mjue ya mji huu inaweza isikubaliwe mji ujao. Hata hivyo kwetu Uingereza vituo vya namna hii ni vya kuhesabu kwa vidole, na usiku wa kambi rasmi unaweza kukugharimu zaidi ya usiku kadhaa wa vijiji hivi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni France Passion. Unalipia uanachama wa mwaka, unapata orodha na stika ya kubandika kiooni, kisha unaruhusiwa kulala usiku mmoja bila malipo kwa wakulima walio kwenye orodha, mradi gari lina choo chake. Hulazimiki kununua kitu. Wengi ni wakulima wa zabibu na wauza mvinyo, na sisi hatunywi, kwa hiyo mwanzoni nilidhani haituhusu. Kumbe wamo wafugaji wa mbuzi, warina asali na wakulima wa matunda, unachagua mwenyewe. Huko Auvergne, katikati ya Ufaransa, tulilala kwa mama mmoja mwenye mbuzi. Adabu yao haina tofauti na ya kwetu: ukifika, kabla ya yote, salamu. Ukianza na swali bila bonjour umeshaharibu. Baba Nuru alisalimia, akauliza hali ya mbuzi kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, na yule mama akatutoa kwenye kokoto akatupeleka chini ya mti. Tulinunua jibini ya mbuzi kwa hiari yetu, na nyingi mno.

Malalamiko yangu makubwa kwa kampuni ni gesi. Walitupa mtungi wa Kiingereza, na Ufaransa haubadilishwi, kwa sababu kila nchi ina mitungi yake na vichwa vyake. Tulipofika Auvergne tulikuwa tunaunusa mwisho wake, maharage yakafutwa kwenye ratiba, chai ikawa asubuhi tu. Ugali tuliunusuru, unga wa mahindi wa dukani uitwao polenta hauchukui muda mrefu jikoni. Si sembe, lakini unashika. Kampuni nyingine hufunga mtungi wa kudumu unaojazwa sheli kwa adapta, na Ufaransa gesi hiyo unaiulizia kwa jina la GPL. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Kutoka Clermont-Ferrand hadi kaskazini sina mengi. Tulikwepa tozo kwa barabara ndogo za Bourges na Chartres, makanisa yote mawili yanafaa kusimamia, kisha Rouen na A28 hadi Abbeville, ambayo ni bure. Mvua ilinyesha karibu njia nzima. Hapo gari lilijirudishia heshima: hita ya dizeli haina mzaha, kitanda hakikuwahi kutuumiza mgongo, na hakuna tone lililopenya.

Pwani ya Wissant, karibu na Calais, tulimaliza jibini. Haikuwa tamaa. Tangu Aprili 2025 Uingereza imezuia wasafiri kuingia na nyama au maziwa na mazao yake kutoka Umoja wa Ulaya, kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Aliyeahidi ndugu zake jibini ya Ufaransa na abadili zawadi.

Kuvuka tulitumia LeShuttle, treni ya chini ya bahari, na huduma ile naisifu. Mashine inasoma namba ya gari, unapita kwa Wafaransa wanaokagua pasipoti unapotoka, hatua chache mbele Waingereza wanakagua kibali chako, yote ukiwa bado upande wa Calais. Kampavani zina foleni yake, gesi lazima ifungwe, nao wanakagua. Mnabaki na gari lenu ndani ya behewa, na dakika 35 baadaye mko Folkestone, Uingereza. Bei hupanda na kushuka kwa saa, alasiri yetu ilikuwa nafuu kuliko asubuhi. Meli ni ya bei nafuu zaidi mara nyingi, lakini mimi na mawimbi hatupatani.

Gari tulilirudisha na dizeli kamili, kasha la choo limesuuzwa, sakafu imefutwa. Mkaguzi alikuwa kijana mpole, alimaliza upesi na hakulalamika. Wiki iliyofuata amana ikarudi imekatwa pauni 40 za kitasa cha droo. Kitasa hicho kilikuwa kimevunjika tangu siku ya kukabidhiwa, nilikipiga picha mbele ya mfanyakazi wao, na picha ina tarehe. Nimewatumia. Wakijibu nitaongeza nusu nyota au nitaipunguza.