Ofisi ya mwakilishi wa jimbo, Minnesota: nyota nne, na sababu zangu

Nimeishi Minnesota miaka tisa. Kwa miaka minane kati ya hiyo sikujua kwamba pale St. Paul, mji mkuu wa jimbo, kuna watu wawili waliochaguliwa kunisemea mimi, na kwamba simu za ofisi zao hupokelewa. Naandika haya kwa Waswahili wenzangu wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na vitongoji vya jirani, hasa sisi tunaokesha kwenye makao ya wazee. Wengi tunadhulumiwa kidogo kidogo na tunanyamaza.

Kisa chenyewe ni hiki. Februari 2025 mwanangu wa pili alishikwa na homa ya kutetemeka, nikakosa zamu mbili. Mimi ni CNA, yaani muuguzi msaidizi, wa usiku, tena si wa muda kamili. Naitwa nafasi ikipatikana. Nilipoomba nilipwe kutoka kwenye saa zangu za ugonjwa, msimamizi alinijibu kwa upole kabisa kwamba saa hizo ni za wafanyakazi wa muda kamili. Nikasema sawa, nikageuka kwenda kuchukua glavu. Mwenzangu mmoja, mama wa Bukavu tunayemwita Mama Furaha, alikuwa amesikia. Akanishika mkono pale kwenye korido: "Dada, sheria ilishabadilika. Usikubali."

Ni kweli ilibadilika. Tangu Januari 1, 2024, mtu anayefanya kazi Minnesota angalau saa 80 kwa mwaka hukusanya saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya, mpaka saa 48 kwa mwaka. Awe wa muda kamili, awe wa kuitwaitwa kama mimi, ni haki yake, na anaweza kuitumia hata kumuuguza mtoto. Mimi nilikuwa nimeshafanya zaidi ya saa 600. Piga hesabu mwenyewe: saa 20 zilikuwa zangu, nami nilihitaji 16 tu.

Nikaanza vibaya. Nilipiga simu ofisi ya mbunge wetu wa Washington kwa sababu ndiye pekee niliyemjua kwa jina. Kijana aliyepokea alinisikiliza, kisha akanieleza kwamba hiyo ni sheria ya jimbo, imetungwa St. Paul, na huko ndiko niende. Sikujua tofauti hiyo na naona wengi hawaijui. Bunge la Minnesota lina wawakilishi 134 na maseneta 67, na kila mkazi ana mwakilishi mmoja na seneta mmoja. Mwakilishi mmoja ana watu kama 42,000 hivi. Mbunge wa Washington ana zaidi ya 700,000. Kwa sisi tuliotoka Kenya, huyu wa jimbo kwa ukaribu anafanana zaidi na mwakilishi wa wadi: unaweza kumkuta dukani, na wasaidizi wake wanaujua mtaa wako.

Kumpata ni rahisi mno. Kwenye tovuti ya bunge kuna ukurasa unaoitwa "Who Represents Me?". Unaandika anwani ya nyumba yako, wanatokea wote, wa jimbo na wa Washington, pamoja na ramani ya eneo bunge lako. Mimi nilifanya hivyo kwenye simu, saa tisa usiku, chumba cha mapumziko, mashine ya soda ikinguruma mgongoni. Haikuchukua dakika tatu. Kwa ukurasa huo peke yake ningewapa nyota tano. Nilitafuta maelezo kwa Kiswahili kwenye tovuti sikuyaona, na hilo linaniuma, maana mama zetu wanaokuja kulea wajukuu hawawezi kuutumia bila kusaidiwa.

Kuandika sasa ndiko kulikonishinda mara ya kwanza. Niliandika barua pepe ndefu. Nilianza na safari yangu kutoka Likoni, nikaeleza jinsi nilivyosomea u-CNA, nikaeleza ugonjwa wa mtoto, nikalaumu serikali, nikamaliza kwa kuomba Mungu awabariki. Nikawatumia wawakilishi kumi kwa mpigo, barua ile ile. Majibu niliyopata ni yale ya kompyuta: tumepokea ujumbe wako. Wiki mbili kimya. Nilivunjika moyo, nikamwambia Mama Furaha kwamba hawa ni kama wale wa kwetu tu, wanakuja na kanga wakati wa kampeni.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu kazi ya posta. Alisoma ile barua yangu pale ngazini, akaniuliza, "Umeandika wapi kwamba unaishi kwake?" Kumbe sikuandika popote. Akanieleza kwamba ofisi zile hutanguliza wakazi wa eneo lao. Barua isiyo na anwani ni kama barua ya mtu wa mbali, na barua iliyotumwa kwa watu kumi kila mmoja anadhani mwenzake ataijibu.

Nikaandika upya. Mstari wa kichwa: mkazi wako, na jina la mtaa wetu, kuhusu likizo ya ugonjwa. Mwilini aya mbili tu. Ya kwanza: nani mimi, anwani yangu kamili, nafanya kazi gani. Ya pili: nilifanya saa ngapi, niliomba nini tarehe gani, nikajibiwa nini, na ninachotaka kutoka kwao. Hilo la mwisho ndilo nililolisahau kabisa mara ya kwanza. Nilikuwa nimelia bila kuomba kitu. Safari hii niliandika: naomba mnisaidie kufikisha suala hili Idara ya Kazi na Viwanda. Nikamtumia mwakilishi wangu na seneta wangu, basi. Asubuhi yake, nilipotoka zamu, nikakaa kwenye gari nikapiga simu.

Alipokea msaidizi, mwanamke, sauti yake changamfu. Naomba niseme jambo hapa kwa sababu najua wangapi wanaliogopa. Moyo wangu ulikuwa unadunda nikingoja aniulize karatasi zangu. Mimi nina green card, si raia, sijawahi kupiga kura nchi hii. Hakuuliza. Aliuliza jina, anwani, na namba ya kunirudia. Nilipomwambia mwenyewe kwamba mimi si mpiga kura, alinijibu kwamba mwakilishi anawakilisha kila anayeishi pale. Nililia kidogo ndani ya gari, sioni aibu kusema.

Siku mbili baadaye alinirudia akaomba nimwandikie kwamba nakubali apeleke taarifa zangu kwenye idara. Nikaandika. Idara ikanipigia, ikataka karatasi zangu za malipo za miezi yote, ambazo nashukuru nilikuwa nazihifadhi kwenye boksi la viatu. Walinikumbusha pia kwamba sheria inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kudai haki hii. Baada ya wiki kama sita, saa 16 zililipwa. Na si mimi peke yangu: wenzangu tunaoitwaitwa tulianza kuonyeshwa saa zetu. Kazini wala hawakunichukia. Nadhani hata wao hawakuwa wameielewa sheria vizuri.

Ofisi ya seneta ndiyo iliyonifanya niondoe nyota moja. Huko hapakuwa na anwani ya barua pepe, nilijaza fomu tu ya kwenye tovuti, na fomu haikunibakizia nakala ya nilichoandika. Nilipiga simu mara mbili nikaacha ujumbe. Jibu lilikuja baada ya mwezi na zaidi, wakati jambo lilishapata ufumbuzi, na lilizungumzia mswada mwingine kabisa. Ukikutana na fomu ya namna hiyo, andika maneno yako kwanza mahali pengine ndipo uyanakili. Na usingoje, piga simu.

Mwishoni mwa Machi nilienda mwenyewe kushukuru, na pia kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna mapendekezo ya kuwaondoa waajiri wadogo kwenye ile sheria. Nilipanda basi la C Line kutoka stendi ya Brooklyn Center mpaka katikati ya Minneapolis, nikashika treni ya Green Line, nikashuka Capitol/Rice Street. Jengo la bunge ni la 1905, kuba lake ni la marumaru nyeupe, na juu ya mlango mkuu kuna farasi wanne waliopakwa dhahabu wanaong'aa hata kukiwa na mawingu. Lakini usikimbilie huko kumtafuta mwakilishi wako kama nilivyofanya mimi. Ofisi zao wakati huo zilikuwa zimehamishiwa jengo la Centennial, maana jengo lao la zamani lilikuwa linakarabatiwa. Uliza kabla ya kutoka nyumbani.

Nilipewa dakika kumi na mwakilishi mwenyewe. Mwaka huo viti vya wawakilishi viligawanyika 67 kwa 67, kwa hiyo kila mmoja wao alikuwa na uzito. Aliniuliza swali moja nililolipenda: usiku mmoja mnalea wazee wangapi, na mmoja wenu akija na homa inakuwaje? Nikamweleza. Mtu akija kazini anaumwa kwa kuogopa kukosa malipo, anayeambukizwa ni bibi wa miaka tisini ambaye mimi ndiye ninayemlisha kwa kijiko. Aliandika kwenye daftari. Msaidizi wake akanionyesha MyBills, huduma ya bure ya bunge: unachagua mswada au mada, na likitokea badiliko unaletewa barua pepe. Mpaka leo naitumia.

Siwezi kuandika haya nikaruka yaliyotokea Juni 14, 2025. Spika wa zamani Melissa Hortman na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park, na Seneta John Hoffman na mkewe Yvette wakajeruhiwa vibaya nyumbani kwao Champlin. Aliyebisha mlango alikuwa amejifanya polisi. Hortman hakuwa mwakilishi wangu, lakini mji ni wetu sote. Miili ilipolazwa ndani ya Capitol, lile jengo la bunge, nilipanga foleni na watu wa kila rangi, nikapita pale mbele, nikamuombea. Ndiyo maana nasema, ukimtafuta mwakilishi wako, mtafute ofisini. Nyumbani kwake usiende hata kama unapajua, na ukikuta wameongeza ulinzi au wanakuuliza maswali zaidi ya zamani, vumilia. Watu hawa wanakaa karibu nasi, na ukaribu huo wameulipia kwa damu.

Jambo la muda: kikao cha kawaida hakivuki Jumatatu ile ya baada ya Jumamosi ya tatu ya Mei, na Aprili na Mei wanalemewa. Una shida na idara ya serikali, andika wakati wowote wa mwaka. Una neno juu ya mswada, wahi mapema, na taja namba yake. Ya wawakilishi inaanza na HF, ya maseneta na SF.

Wiki iliyopita Mama Furaha alikaa nami chumba kile kile cha mapumziko. Mwenye nyumba wake amekataa kutengeneza hita, na mkataba anao. Alinipa simu yake niandike. Nikamrudishia, nikamwambia aandike mwenyewe, mimi nitasahihisha Kiingereza. Akaniuliza aanze na nini. Nikamwambia, anwani.