Difu loki ya mbele kwenye Hilux: kwa nini niliacha ya hewa nikachukua inayojifunga yenyewe

Kama gari lako lina habu za mkono mbele, zile unazozungusha kwa mkono kuachia (FREE) au kuunganisha (LOCK) gurudumu na shafti, na difu ya nyuma tayari ina loki, fikiria mara mbili kabla ya kununua loki ya hewa, ile inayofungwa kwa swichi na hewa ya kompresa, kwa ajili ya mbele. Mimi nilipewa ushauri wa kununua ya hewa na karibu kila mtu, nikachukua nyingine, na misimu ya mvua imeshapita nikiwa nayo. Naandika kwa ajili ya wenye magari ya kazi, maana wenye magari ya kutembelea wana hesabu zao.

Gari langu ni Hilux LN106, dizeli yenye injini aina ya 3L, ya zile za zamani ambazo mbele kuna ekseli nzima na springi za bapa. Linatoka Mwanza kupeleka barafu mialoni, kule wavuvi wa ziwani wanakoshushia samaki, na kurudi na sangara. Upande wa Sengerema mambo yamekuwa nafuu tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe mwaka 2025 na foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ikabaki hadithi. Kinachonitesa ni upande wa pili, barabara ya Musoma, ukishapita Magu kuelekea Lamadi halafu ukaacha lami kuelekea ziwani. Pale ni mbuga tupu, udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba na kunata. Tairi likizunguka mara chache tu kashata zote zimejaa tope, linabaki laini, na hapo hata ununue tairi la bei gani ni kazi bure. Magari yaliyotangulia yanaacha mifereji, unajikuta gurudumu la mbele kulia limezama na la kushoto linaelea.

Sasa difu ya kawaida, isiyo na loki, inagawa nguvu sawa kwa magurudumu yote mawili, na kiasi kinachogawiwa kinaamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. La kwenye tope linahitaji nguvu kidogo sana ili lizunguke. Basi na mwenzake aliyeko pagumu anapata kidogo hichohicho. Ndiyo maana unaona gari la foo wili limesimama huku gurudumu moja mbele na moja nyuma yanarusha matope, mengine mawili yametulia. Loki inaunganisha shafti mbili za ekseli ili magurudumu yazunguke pamoja, apende asipende.

Loki ya nyuma ndiyo ya kwanza kufunga, hilo halina ubishi. Toyota wenyewe kwenye Land Cruiser 80 zenye loki za kiwandani walipanga kitasa cha dashibodi hivyo: ukizungusha kinafunga nyuma kwanza, ukiendelea ndipo inafunga na mbele. Yangu ya nyuma ni ya hewa, aliiweka mwenye gari wa kabla yangu. Na kwa sababu kompresa na swichi vilikuwepo tayari, ushauri wa kila mtu ulikuwa mmoja: ongeza ya hewa mbele, kazi imeisha.

Nikakaa na bei. ARB Air Locker ya Australia ndiyo inayojulikana zaidi, na sina neno baya juu yake. Hata bila kununua kompresa bado ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya zile zinazojifunga zenyewe, zinazoitwa lunchbox. Sitaji shilingi kwa sababu zote tunaagiza kwa dola, na dola haikai sehemu moja. Halafu kuna ufundi wenyewe. Loki ya hewa inakuja na kikombe chake kizima, kile kinachobeba krauni, gia kubwa ya difu, kwa hiyo lazima krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, zipangwe upya, zipimwe kwa dayo geji, saa ya kupimia, na nyumba ya difu itobolewe kupitisha mrija wa hewa. Mrija wa nyuma uliwahi kuyeyushwa na ekzosi, nikaomba hewa ije kwenye tope la Lamadi na haikuja. Sikutaka mrija wa pili, tena wa mbele, unaopigwa na kila kijiti na kila jiwe.

Nikaangalia pia Truetrac ya Eaton. Hiyo si loki kamili, ni meno ya mshazari yanayobanana na kuhamishia nguvu upande wenye mshiko. Ni laini kwenye usukani na haina swichi. Ila inahitaji gurudumu linaloteleza liwe na ukinzani kiasi. Likiwa hewani kabisa haina cha kuzidisha, mpaka ukanyage breki kidogo uidanganye. Mifereji ya kule magurudumu yanaelea kila siku, nikaipitisha.

Zikabaki lunchbox: Lokka, Aussie Locker, Lock-Right na nyingine za aina hiyo. Zote zinafanya kazi kwa namna moja, kwa hiyo chapa yangu si muhimu. Zinaingia ndani ya kikombe kilekile cha zamani, unatoa vijigia vya katikati na gia mbili za pembeni, unaweka vipande vyake vyenye meno. Ukikanyaga mafuta, vipande vinabanwa na kufunga shafti zote mbili. Kwenye kona, gurudumu la nje likitaka kukimbia kuliko mwenzake, meno yanaachia na kurukana. Hakuna waya wala hewa wala swichi. Ubaya wake ni huohuo: huwezi kuizima. Na hapa ndipo habu za mkono zinaponiokoa. Nikiwa kwenye lami habu ziko FREE, magurudumu ya mbele yanazunguka yenyewe, difu haijui hata kama tunatembea. Kutoka Buzuruga, hapa Mwanza, mpaka Magu huwezi kujua kama kuna kitu mbele.

Fundi wangu wa Nyakato hakuipenda. "Bosi, hii ukiiweka mbele usukani utakunyang'anya," aliniambia, na akarudia siku tuliyomletea boksi lenyewe, dogo kiasi kwamba kijana wake aliuliza mengine yako wapi.

Kufungua difu ya mbele ya ekseli nzima si kama ya nyuma. Ya nyuma unavuta shafti, umemaliza. Ya mbele lazima ushushe habu, beringi, diski, uvute shafti pamoja na sivi joint yake, kile kiungo kinachoruhusu gurudumu kukata kona huku likivuta, kila upande. Kwetu, tulipofungua upande wa kulia, badala ya grisi ikamwagika supu ya kijivu: sili ya ndani ilikuwa imekufa, oili ya difu imekuwa ikivuja na kuchanganyika na grisi ya sivi sijui tangu lini. Kwa hiyo ukipanga bajeti, weka na sili za ndani pande zote mbili, sili za nje za mpira na manyoya, na beringi za juu na chini pale gurudumu linapokatia. Usifungue mara mbili kwa sababu ya sili. Kwangu spea hizi ndogo pamoja na ufundi vilikaribia kulingana na loki yenyewe.

Kabla ya kulegeza chochote, fundi alipiga alama kwa senta panchi kwenye kofia za beringi na kwenye nati za kurekebishia, ili kikombe kirudi tundu kwa tundu pale kilipokuwa. Kwa kuwa krauni, pinioni na kikombe ni vilevile, mkao wa meno ukarudi. Kipimo ambacho hakikuwa cha kubahatisha ni nafasi kati ya vipande viwili vya katikati vya loki, inayopimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Karatasi ya maelekezo inatoa kiwango. Ikizidi, kikombe kimelika na loki haitaachia au haitashika vizuri. Ukiona fundi anataka kufunga bila kupima hapo, chukua boksi lako uondoke.

Sasa matumizi. Kwenye tope la mbuga, nikiwa 4L, yaani foo wili ya gia nzito, na loki ya nyuma imewashwa, tofauti ni kubwa. Sehemu ambazo zamani tulishusha masanduku ya samaki, tukakata matawi, tukasukuma mpaka barafu inaanza kulia, sasa gari linapita polepole bila kupigiwa kelele. Faida ambayo sikuitarajia ni kurudi nyuma. Mwaloni unashusha gari kinyumenyume mpaka karibu na mitumbwi, na ukipakia uzito wote uko nyuma, kwenye mchanga laini; mbele ndiko kunakokuvuta kutoka. Loki hii inashika sawasawa, uwe unakwenda mbele au unarudi nyuma.

Usukani? Fundi alisema kweli nusu. Ukiwa foo wili na umekanyaga mafuta, gari linataka kwenda mbele tu, usukani ni mzito na unakata kona pana. Dawa ni mguu: achia mafuta ukiingia kona, utasikia ta-ta-ta chini, meno yameachia, gari linakata, ukinyoosha, kanyaga tena. Mkono unazoea. Mguu ndio unaochelewa.

Kisichozoeleka ni barabara yenye mgongo wakati wa mvua, ile iliyolala kuelekea mtaroni. Difu ya kawaida mbele huwa inaacha gurudumu moja bila kuteleza, na hilo moja ndilo linalokushikilia usiende pembeni. Ikiwa imefunga, yote mawili yanazunguka na pua ya gari inashuka mtaroni taratibu huku umeshika usukani huoni cha kufanya. Ya hewa ungeizima. Mimi natoa foo wili kabisa, naacha loki ya nyuma imezimwa pia, natembea na mwendo. Ikishindikana nasimama na kusubiri jua, na jua la kule halichelewi. Hapo ndipo ya hewa inapoishinda hii yangu, na hakuna ujanja wa kubadilisha hilo.

Lingine ni sivi joint. Usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, loki imefunga na mtu anakanyaga mafuta, sivi ndiyo inayolipa. Shemeji alikuwa kwenye usukani tukitoka mwaloni, kona kali, gurudumu limebanwa na jiwe, tukasikia mlio mmoja mkavu upande wa kushoto. Lakini hapohapo loki ikatusaidia: tukaweka habu ya kushoto FREE, ya kulia ikabaki LOCK, na kwa kuwa loki inafunga shafti mbili, upande wa kulia ukaendelea kuvuta peke yake mpaka kwenye barabara ngumu. Kwenye difu ya kawaida nguvu yote ingeishia kwenye upande uliofunguliwa. Sivi moja ya akiba sasa inakaa chini ya kiti.

Mwenye Prado au Land Cruiser 80, zile ambazo magurudumu ya mbele yanaendeshwa muda wote, asiguse lunchbox mbele. Atapigana na usukani kila mzunguko wa barabara mjini Mwanza. Huyo aende na ya hewa au ya umeme yenye swichi, au Truetrac kama hataki swichi. Na mwenye Hilux mpya zaidi, yenye springi za kujitegemea mbele, shafti zake ni nyembamba kwa mzigo huu na habu za mkono mara nyingi hana; naye pia atafute yenye swichi, aifunge akiwa amenyoosha usukani tu. Jirani yangu mwenye Prado ameshaagiza ya hewa ya nyuma kwanza. Ya mbele nimemwambia asubiri aone kama ataihitaji.