"Bila kikomo" ya Lindi mjini: ukipakua raha, ukipakia utajuta

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeona nimewaonea anivumilie. Nawazungumzia wale jamaa wa faiba wa hapa Lindi mjini, wenye bango la "intaneti bila kikomo".

Niwape haki yao kwanza. Kwa kuangalia mpira, watoto kucheza gemu, kuongea na ndugu kwa video, hawana shida kabisa. Kama matumizi yako ni hayo, lipia tu, usinisikilize mimi.

Mimi kazi yangu ni kupakia, yaani kutuma mafaili nje. Tunanasa sauti za usiku kwenye msitu wa Rondo, tunamfuatilia komba mdogo wa kule, mnyama ambaye gizani unamjua kwa mlio wake kuliko kwa sura. Kinasa sauti kimoja, kwa ubora wa kilohezi 48 na biti 16, kinakula megabaiti kama 345 kwa saa. Piga hesabu ya usiku wa saa 12, halafu zidisha kwa vinasa vyote vilivyofungwa mitini. Mzigo wote huo unatakiwa ufike kwenye seva ya wenzetu Uingereza bila kupungua hata baiti moja.

Siku ya kuniuzia kifurushi walinitajia megabiti 50 kwa sekunde. Hakuna aliyefungua mdomo kusema kwamba 50 ni za kupakua, za kupakia ni 5. Terabaiti moja (gigabaiti elfu moja, na kila baiti ni biti nane) kwa megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 18, usiku na mchana, bila kukatika. Na hapa Lindi nani anakaa siku 18 bila kukatika? Gesi ya kuzalishia umeme inatoka Songo Songo, mkoa huu huu, na umeme bado unatukimbia.

Lakini hata hilo nililimeza. Natumia rsync, programu ya bure ya kunakili mafaili kwa mtandao, iliyotoka mwaka 1996, kazi ya Waaustralia wawili, Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Ukiiagiza itunze faili lililoishia njiani, mtandao ukirudi inaendelea pale pale ilipokomea. Ukiipitisha ndani ya SSH, njia ya mtandao inayofunga data kwa siri, njiani hakuna anayeweza kusoma kitu, na kwetu hilo ni la lazima maana mafaili yana namba za ramani (GPS) za mahali ambapo wanyama adimu wanalala. Ikawa inapakia polepole, mimi naendelea na mambo yangu.

Asubuhi moja nafungua kompyuta, kasi imeshuka hadi kilobaiti 60 kwa sekunde. Nikazima ruta, nikawasha. Taa zote za kijani, kasi ile ile. Faili moja tu lililokuwa likipanda lilikuwa linadai saa kumi na kitu. Nikaenda ofisini kwao.

Kaunta yuko dada mmoja na simu yake, anasikiliza kwa sikio moja. "Kaka, umevuka matumizi ya kawaida, mfumo umekupunguzia kasi." Nikamuuliza, si mmeniuzia bila kikomo? "Ndiyo, kutumia hakuna kikomo. Kasi ndiyo ina kikomo." Akasema bila hata kupepesa. Halafu: "Kwani unapakia nini muda wote huo, sinema?"

Nikamweleza kwa upole, sauti za komba. Akamgeukia mwenzake: "Eti komba!" Wakaangua kicheko wote wawili, na mzee mmoja aliyekuja kulipia naye akajiunga. Alipomaliza kufuta machozi akanipa ushauri: "Kaka, si uzigeuze MP3, utume kwa WhatsApp?"

Dada yangu. MP3 inapunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti inazodhani sikio la mtu halitazikosa. Mtafiti anazitaka hizo hizo. Ipo FLAC, inayobana bila kutupa kitu, na tumeshaitumia. WhatsApp mwisho wake gigabaiti 2 kwa faili. Mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, mkoa huu huu, zaidi ya tani 200, wazee wetu waliibeba vichwani hadi bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, ikafika Berlin. Leo mlio wa komba umeshindwa kutoka kaunta ya huyu dada.

Aliyeniokoa ni fundi wao, kijana aliyekuja kuvuta nyaya kwa jirani. Nikamsimamisha, akanong'ona kama anauza siri: kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri hawahesabu matumizi. Nikapanga rsync ijiwashe saa sita na kujizima kabla ya adhana. Kasi ikarudi, na usiku mara nyingine inapita hata ile ya mkataba. Mzigo wa kwanza ulipofika tukalinganisha namba za SHA-256, zinazobadilika hata baiti moja ya faili ikibadilika, za huku na za kule, faili kwa faili. Zote sawa. Nikasahau kila kitu, nikawapa nyota tatu, karibu ziwe nne.

Lakini kwa nini nilijue hilo barabarani, chini ya ngazi ya fundi? Kwenye karatasi niliyosaini halimo, kwenye bango halimo. Juzi wakanitumia ujumbe: "Ndugu mteja, unafurahia kasi isiyo na kikomo? Tupe nyota 5." Nimeshusha hadi moja. Nikimfikiria yule fundi narudisha mbili, nikikumbuka "eti komba" naiondoa tena.

Na mkataba ukiisha nitalipa tena, kwa sababu mtaani kwangu hakuna nyaya ya kampuni nyingine. Hilo linaniuma kuliko kile kicheko, na nadhani wao wanalijua.