TAHADHARI: Tapeli wa nyumba za kupanga Bethesda, mlango anakufungulia kabisa

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba Bethesda na Chevy Chase, upande wa Maryland nje kidogo ya Washington, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu hata senti.

Mwezi wa nane tulilizwa dola 3,800. Tulilitaka eneo lile kwa ajili ya watoto, maana shule za serikali za Kaunti ya Montgomery hupokea mtoto kulingana na anwani anayoishi, na zilikuwa zimebaki wiki mbili zifunguliwe. Tukaona tangazo: vyumba vitatu, dola 1,900 kwa mwezi, unatembea kwa miguu hadi kituo cha treni cha Red Line. Nyumba za jirani zilikuwa karibu mara mbili ya bei hiyo. Jamaa akajieleza kwamba ni daktari, yuko kazini nje ya nchi, hatafuti faida, anataka tu familia ya kumtunzia nyumba. Mke wangu alisita. Mimi ndiye niliyesema twende tukaione.

Hapo ndipo alipotuingiza mjini. Mimi nilijua tapeli hawezi kukuonyesha nyumba. Huyu alitutumia namba za kisanduku cha funguo kilichofungwa mlangoni, tukafungua, tukaingia, watoto wakachagua vyumba vyao. Baadaye ndipo tulipoelewa kwamba kampuni halisi inayosimamia nyumba ile huwaruhusu wapangaji kwenda kuiona bila kusindikizwa: unajiandikisha kwa simu, unapewa namba. Yeye alijiandikisha kama mpangaji, namba akatupa sisi. Kwa hiyo kuingia ndani si ushahidi wa chochote.

Tukatuma kodi ya mwezi mmoja na dipoziti kwa simu, papo kwa papo. Siku ya kuhamia namba ikakataa, simu yake haipatikani, na dada wa kampuni akatukuta na mizigo barazani. Benki imesema niliidhinisha mwenyewe, hairudishi.

Ningeweza kumkamata kwa dakika kumi. Maryland ina daftari la majengo mtandaoni, linaitwa SDAT, bure kabisa. Unaandika anwani, unaona jina la mwenye nyumba. Jina lililokuwemo halikuwa la huyo "daktari". Pia Montgomery nyumba ya kupangisha lazima iwe na leseni ya kaunti, nayo unaitafuta kwa anwani, au piga 311, namba ya huduma za kaunti, uulize. Na akikudai dipoziti ya miezi miwili, mwulize sheria gani hiyo: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Maryland kikomo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja.

Kinachoniuma kuliko pesa ni fomu aliyotujazisha, yenye namba zetu za Social Security, yaani namba za utambulisho za serikali, na picha za leseni za udereva. Kama umeshamjazia, funga taarifa zako za mikopo leo hii, mtu asikope kwa jina lako, kwenye kampuni zinazotunza taarifa hizo: Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, hakuna malipo. Kisha ripoti polisi na FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda watumiaji. Sisi tumefanya hivyo.

Jana nimeliona tangazo lilelile, picha zilezile, namba ya simu nyingine. Sasa anajiita mhandisi. Ukiwa umetumiwa namba za mlango na "mwenye nyumba" hujawahi kumwona, niandikie kabla hujalipa. Nitakukagulia anwani hiyo mwenyewe, hata kama ni usiku.